Mchezo na Nafsi: Mjadala wa Baraza juu ya Michezo ya Video na Afya ya Akili

Tarehe 1 Januari 2022 ilianza kutumika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, na ndani yake, katika mlango wa maradhi ya akili, lilikuwamo jina ambalo matoleo yaliyotangulia hayakuwa nalo: maradhi ya kucheza michezo ya video. Mwanzoni mwa mwaka uo huo, katika nchi ya Korea Kusini, ilikoma sheria iliyokuwa imedumu tangu Novemba 2011, ambayo ilimkataza kila mtoto asiyetimiza miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni tangu saa sita ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi. Hivyo basi, kwa wakati mmoja, wataalamu wa afya walithibitisha kwamba mchezo waweza kuwa maradhi, na taifa lililokuwa limeuogopa mchezo kwa muda mrefu likaona kwamba kumfungia mtoto mlango kwa amri ya serikali si tiba.

Jambo hili halipo mbali nasi. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam kuna vibanda vya gemu ambamo vijana huketi mbele ya televisheni, pedi mikononi, wakicheza kandanda la PlayStation kwa zamu na kwa malipo. Na wasiokwenda vibandani wana simu, ambazo kwazo hucheza Free Fire au eFootball mpaka usiku wa manane, chini ya shuka, mzazi akidhani wamelala. Baba huona na hughadhibika, mama huona na huogopa, na aghalabu wote wawili hukosa la kufanya ila kunyang'anya simu. Nimeona kwamba njia ya insafu ya kulikabili jambo lenye khofu kiasi hiki ni kulijadili kwa sauti zaidi ya moja, maana kila upande umeshika sehemu ya haki na kuiacha sehemu nyingine mikononi mwa mwenziwe. Wanaosema humu si watu fulani wanaojulikana kwa majina; nimezivisha hoja sauti za wale ambao hoja hizo huwatoka vinywani kila siku: mwalimu, kijana, mama na tabibu, pamoja na mwenyekiti wa kuwaamua.

MWENYEKITI: Ndugu zangu, hoja iliyoletwa mbele ya baraza yasema hivi: "Michezo ya video inaharibu akili za vijana, na ni wajibu wa wazazi na serikali kuizuia." Kila msemaji atapewa wasaa wa kusema alilo nalo pasi kukatizwa, na anayejibu aijibu hoja, asimjibu mtu. Maalim, anza wewe.

MWALIMU: Bwana Mwenyekiti, nashukuru. Kazi ya kusomesha imenipa nafasi ya kuwatazama vijana asubuhi, wakati ambao mwili wa binadamu hauwezi kuficha namna ulivyoutumia usiku. Wataalamu wa usingizi wasema kwamba barobaro wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala saa 8 hadi 10. Nami nawaona darasani wanafunzi wenye macho mekundu, ambao vichwa vyao vimelala juu ya madawati kabla ya kipindi cha pili, na ukiwauliza jana walilala saa ngapi huinamisha nyuso. Kijana asiyelala huwa mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusahau na mwepesi wa kukata tamaa kwa jambo dogo, na akiendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, huzuni humkuta hana nguvu ya kuizuia.

Wala msidhani kwamba nasema juu ya uvivu wa darasani peke yake. Mwaka 2010, huko huko Korea Kusini, mume na mke walitiwa nguvuni kwa sababu binti yao wa miezi mitatu alikufa kwa kukosa chakula, ilhali wazazi wake walikuwa wakikesha katika duka la kompyuta wakicheza mchezo ambao ndani yake walikuwa wakimlea mtoto wa kubuni. Sisemi kwamba kila achezaye atafika huko. Nasema kwamba kitu chenye uwezo wa kumsahaulisha mama mtoto wa tumboni mwake hakistahili kupewa mtoto bila ya mlinzi.

Na uwezo huo haukuja kwa bahati. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa kuwachunguza panya na njiwa kwamba mnyama apataye tuzo yake mara moja moja, kwa nyakati asizoweza kuzikisia, huendelea kutenda kitendo kile kwa muda mrefu zaidi kuliko yule alipwaye kila atendapo. Maarifa hayo leo yamo katika michezo ya simu: zawadi ya kila siku ambayo ukiikosa siku moja hesabu yako huanza upya, ushindi unaokujia pale hasa ulipokaribia kukata tamaa, na rafiki zako wanaokungoja mchezoni, ambao ukiondoka wewe wao hushindwa. Wazee wetu walicheza bao, lenye mashimo 32 na kete 64, na mchezo ule una mwisho wake: safu ya mbele ya mmoja ikiwa tupu, amefungwa, wote wawili wakainuka wakaenda kuswali au kula. Mchezo wa simu umetengenezwa usiishe. Uchina imelitambua hilo, ikaamuru mnamo Agosti 2021 kwamba asiyetimiza miaka 18 acheze saa moja tu, tangu saa mbili hadi saa tatu ya usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami naliomba baraza liikubali hoja.

MWENYEKITI: Ahsante, Maalim. Kijana wetu, wewe ndiwe mwenye kushitakiwa hapa kuliko sote. Sema, mwanangu, wala usiogope.

KIJANA: Bwana Mwenyekiti, shikamoo. Maalim, shikamoo, na yote nitakayosema nayasema kwa adabu ya mwanafunzi mbele ya mwalimu wake.

Nakubali kwamba usingizi ni haki ya mwili na kwamba wengi wetu tunaudhulumu. Lakini Maalim ameona mambo mawili pamoja, mchezo na huzuni, akahukumu kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Katika Chuo Kikuu cha Oxford wapo watafiti waliochoka na dhana za namna hiyo. Tafiti nyingi za zamani zilimtegemea mchezaji mwenyewe akumbuke amecheza saa ngapi, na binadamu ni mbovu wa kukumbuka mambo kama hayo; kwa hiyo Andrew Przybylski na wenzake waliomba hesabu zilizohifadhiwa na makampuni yenyewe, wakalinganisha saa za kweli na hali ya nafsi za wachezaji. Mwaka 2020 walitangaza habari za wachezaji 3,274 wa michezo miwili, na waliocheza muda mrefu zaidi walikuwa na hali njema kwa tofauti ndogo. Mwaka 2022 wakarudia kwa wachezaji wapatao 39,000 wa michezo saba, na safari hii hawakuona dalili ya maana kwamba kuongeza au kupunguza saa za mchezo huibadilisha hali ya nafsi, iwe kwa kheri au kwa shari. Kilichokuwa na uzito ni sababu inayompeleka mtu kucheza: yule achezaye kwa kupenda alikuwa salama kuliko yule achezaye kwa kuhisi kwamba hana budi.

Ama Uchina, iliweka sheria ya kuwapunguzia watoto saa tangu mwaka 2019, kabla ya hiyo aliyoitaja Maalim. Watafiti waliochunguza zaidi ya saa bilioni 7 za mchezo nchini humo walitangaza mwaka 2023 kwamba hawakupata ushahidi wa kuaminika kuwa sheria ile ya 2019 iliwapunguza wachezaji wa kupindukia. Ikiwa dola yenye nguvu kiasi kile haikuonekana kufaulu, kibanda chetu cha mtaani kitafungwa na nani, na kijana akifukuzwa kibandani ataelekea wapi?

Tena kuna jambo ambalo wakubwa hawalioni, kwa kuwa hawajaingia ndani. Norway palikuwa na kijana aitwaye Mats Steen, mgonjwa wa maradhi ya kudhoofika misuli, ambaye mwili ulimwishia kidogo kidogo mpaka akawa hawezi ila kuzisogeza ncha za vidole. Miaka yake ya mwisho aliitumia kucheza World of Warcraft, na wazazi wake walisikitika kwa kuamini kwamba mtoto wao amekosa rafiki, amekosa mapenzi, amekosa kuwa na maana kwa mtu yeyote. Alipofariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 25, walitangaza kifo chake kwa wale wasiowajua, na zikawafikia barua kutoka nchi mbalimbali, za watu waliosema kwamba Mats aliwafariji katika dhiki zao, aliwapatanisha na watoto wao, aliwasikiliza wakati hapakuwa na wa kuwasikiliza. Na baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Habari zake zimetengenezewa filamu iliyoonyeshwa mwaka 2024. Je, kijana yule mchezo ulimharibu akili? Mimi naona ulimpa ulimwengu ambao mwili wake ulimnyima.

Na juu ya bao, Maalim, nimewaona mafundi wa bao wakiketi tangu alasiri mpaka taa zikawashwa, na mchezo ukiisha kete hutandazwa upya. Hakuna aliyewaita wagonjwa, kwa sababu kila mmoja barazani anawajua: anajua kwamba wana kazi, wana wake na watoto, na kesho wataamka. Sisi hatujulikani. Mtu hutuona migongo yetu tu, akahukumu.

MWENYEKITI: Umesema kwa ufasaha. Mama ameinua mkono muda mrefu. Karibu, Bibi.

MAMA: Bwana Mwenyekiti, mimi sikuzisoma tafiti za Oxford wala za Uchina. Nimekuja na la kwangu, nalo nitalisema kama lilivyo, maana nimelibeba peke yangu vya kutosha.

Mwanangu alikuwa mcheshi, mwenye kelele, mtoto ambaye akiingia nyumbani jirani wanajua kwamba ameingia. Baba yake alipofariki alikuwa na miaka 15. Matanga yakaisha, wageni wakaondoka, shule ikafunguliwa, nami nikaingia katika kutafuta riziki ya nyumba nzima. Sikumwona akilia hata mara moja, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto jasiri. Baada ya hapo ndipo gemu lilipoingia. Kwanza saa moja baada ya chakula, kisha usiku kucha. Kisha akaacha mpira wa jioni, akaacha kwenda kwa mjomba wake, akaacha hata kula na sisi. Nilimkaripia, nikampiga, nikamwita shekhe amsomee, na mwisho nikamnyang'anya simu nikaifungia sandukuni.

Nilidhani nimeyang'oa maradhi. Siku zile ambazo hakuwa na simu, mwanangu aliketi kitandani akiutazama ukuta. Hakurudi mpirani, hakurudi kwa mjomba wake, hakuzungumza. Nilimwuliza mbona hatoki, akanijibu, "Mama, hakuna kitu nje." Ndipo nilipotambua kwamba kilichomfungia ndani kilikuwa kimekuja mapema kuliko gemu, na kwamba pengine gemu ndilo lililokuwa likimfikisha asubuhi. Kwa hiyo simuungi mkono Maalim, wala simuungi mkono kijana. Nauliza tu, na mwenye elimu anijibu: gemu lilimletea mwanangu huzuni, au huzuni ilimpeleka mwanangu kwenye gemu? Na ikiwa ni huzuni, mimi niliyekuwa nikiishi naye chumba kwa chumba, ilinipita wapi?

MWENYEKITI: Swali hili ndilo moyo wa mjadala. Tabibu, jibu.

TABIBU: Bibi, pole kwa msiba na pole kwa upweke wako katika msiba huo. Nitakujibu kwa kadiri elimu ilipofika.

Orodha ya Shirika la Afya Duniani haimwiti mtu mgonjwa kwa kuhesabu saa alizocheza. Imetaja alama tatu ambazo sharti zionekane pamoja. Ya kwanza ni kupoteza uwezo wa kujizuia: mtu huazimia kuacha na hawezi. Ya pili ni mchezo kupewa daraja ya juu kuliko mambo mengine ya maisha, hata ukayasukuma masomo, chakula, usafi, ibada na jamaa. Ya tatu ni kuendelea, au hata kuzidisha, baada ya madhara kudhihirika. Fauka ya hayo, hali hiyo iwe imemvurugia mtu maisha yake kwa dhahiri, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12, ingawa muda huo waweza kufupishwa ikiwa dalili ni nzito. Madaktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 2013, waliiweka hali hii miongoni mwa mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi kabla ya kukubaliwa, na wapo wanazuoni walioandika kuipinga hatua ya Shirika la Afya Duniani, wakikhofu kwamba mamilioni ya watoto wazima watabandikwa jina la ugonjwa. Khofu yao ina msingi. Mwaka 2021 wataalamu wa Australia walikusanya tafiti za nchi nyingi wakaona kwamba wenye maradhi haya ni kama 3 katika kila watu 100 waliochunguzwa, na walipozichambua zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi hesabu ikashuka hadi kama 2. Maana yake ni kwamba wapo, na maumivu yao ni ya kweli; na maana yake vile vile ni kwamba wengi wa wanaokemewa majumbani si wagonjwa.

Sasa, Bibi, nalijia swali lako. Huzuni na mchezo huendeana pande zote mbili. Kijana mwenye sonona, au mwenye wasiwasi mkubwa, au asiyetulia wala kuweza kukaza nia juu ya jambo moja, hukuta katika mchezo kitu ambacho dunia imemnyima: kazi yenye kanuni zinazoeleweka, juhudi inayolipwa papo hapo, na kosa linaloweza kufutwa kwa kuanza upya. Hupumua humo. Lakini anapopumua humo usiku kucha, usingizi humpotea, masomo huharibika, marafiki wa nje humsahau, na hayo nayo huiongeza huzuni iliyomkimbiza, naye hukimbia tena. Kwa mwanao, kwa namna ulivyosimulia, msiba ulitangulia. Kwa mwingine mchezo hutangulia. Ndiyo sababu tabibu hawezi kuhukumu kwa kuiona simu; ni lazima amwulize mgonjwa habari za mwaka mzima uliotangulia simu.

Na ulipomnyang'anya simu ulimwondolea kimbilio kabla ya kulijua analolikimbia. Hukukosa mapenzi, Bibi. Huzuni ya vijana wa kiume aghalabu haiji na machozi. Huja na kimya, au na ukali, au na kutojali mambo waliyokuwa wakiyapenda, nasi tumezoea kukiita kimya hicho ushujaa.

MWALIMU: Tabibu, samahani. Ukisema hivyo waufanya mchezo kuwa dawa.

TABIBU: Maalim, kwa baadhi ya watu umekuwa karibu na dawa. Huko Oxford, katika hospitali ya John Radcliffe, Emily Holmes na wenzake waliwachukua watu 71 waliofikishwa hospitali baada ya ajali za barabarani. Katika muda wa saa 6 tangu ajali, baadhi yao waliombwa waikumbuke ajali kidogo kisha wacheze Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande uliobuniwa Moscow mwaka 1984. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walijiwa na picha za ajali bila ya kutaka mara chache zaidi, kwa asilimia 62, kuliko wenzao. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu mchezo mmoja wa video uandikwe na daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye shida ya kukaza nia. Nayataja haya ili tusiihukumu michezo yote kwa jina moja. Mchezo mfupi, wenye kusudi, uliosimamiwa, ni kitu kimoja. Mchezo uliotengenezwa ili mtoto asiweze kuuacha ni kitu kingine.

MWALIMU: Hapo ndipo nilipotaka ufike. Aliyeutengeneza usiachike, umemwacha huru? Umesema habari za huzuni, za msiba, za familia, hukumgusa mfanyabiashara.

TABIBU: Namgusa sasa. Kuna kitu ndani ya michezo mingi ambacho naweza kukiita kasha la bahati. Mchezaji hulipa fedha za kweli afunguliwe kasha asilolijua lina nini ndani. Pengine atapata silaha adimu au mchezaji hodari wa kandanda, pengine atapata kisichomfaa, naye hulipa tena. Ubelgiji, mwaka 2018, iliamua kwamba makasha ya namna hiyo ni kamari mbele ya sheria yake, ikayapiga marufuku. Na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaotumia fedha nyingi kwa makasha haya ndio hao hao wenye dalili za uraibu wa kamari. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 ili kuyamaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba iliipanga mitambo yake kwa hila, hata watu wakajikuta wamenunua wasichokusudia kununua.

KIJANA: Bwana Mwenyekiti, hapa sina budi kusema kweli hata ikiwa yaumiza upande wangu. Kibandani tulianza kwa kucheza. Siku hizi wapo wanaowekeana dau kila mechi, na watoto wa shule ya msingi husimama nyuma kutazama ni nani anayekunja noti. Akitoka hapo mtu huenda kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, au hufungua simu akatandika mkeka wa kubashiri mechi. Mkono ule ule, kiti kile kile. Ukimwona amenuna usiku utasema gemu limemharibu, na hali yeye amepoteza ada ya shule.

MWALIMU: Basi tumekubaliana jambo moja, mwanangu. Kwangu hilo latosha kuisimamisha serikali mlangoni mwa kibanda.

KIJANA: Kwa kuzuia dau, Maalim, nakubali kwa moyo mmoja. Kwa kuzuia pedi, sikubali.

MAMA: Nami naongeza. Serikali ikikaa mlangoni mwa kibanda, haitaingia chumbani kwa mwanangu. Chumbani ni mimi.

MWENYEKITI: Ndugu zangu, nimewasikiliza, na sasa ni dhima yangu kuamua.

Hoja kama ilivyoletwa haiwezi kusimama. Imesema kwamba michezo ya video inaharibu akili za vijana, na ushahidi uliowekwa mbele yetu waonyesha kwamba wengi hucheza na kubaki wazima, kwamba baadhi wamepata humo faraja na udugu waliokosa kwingine, na kwamba saa za mchezo, zikihesabiwa peke yake, hazituambii nani mgonjwa na nani mzima. Walakini anayeipinga hoja kwa kusema kwamba hakuna jambo la kuogopa naye hana insafu, maana wawili au watatu katika mia ni watu, wana mama zao, na usingizi uliopotea haurudishwi na utafiti wowote.

Kosa la hoja hii ni kwamba imemwelekeza mzazi kutazama kioo cha simu, wakati alipaswa kumtazama mwenye simu. Kuna maswali ambayo mzazi anaweza kujiuliza bila ya kuwa tabibu. Mtoto huyu ameacha nini alichokuwa akikipenda? Analala? Anakula na wenziwe? Akicheza, anafurahi, au anacheza kwa uso usio na furaha kana kwamba anatumikia kifungo? Na kabla ya mchezo kumteka, ni jambo gani lililotokea katika maisha yake: msiba, kufeli, kudhulumiwa shuleni, ugomvi wa wazazi? Mwenye kupata majibu ya kutisha asingoje miezi 12 ya orodha. Ampeleke mtoto kwa wataalamu, na aondoe katika nafsi yake haya ya kwenda. Wapo watu ambao wakisikia jina la Mirembe ya Dodoma, au Kidongo Chekundu ya Unguja, au Mathari ya Nairobi, hufikiri habari za minyororo na aibu ya ukoo, na kwa khofu hiyo huchelewesha tiba mpaka mambo yakawa makubwa. Hospitali hizo za maradhi ya akili si fedheha ya mtu. Akili huugua kama kiungo kingine cha mwili, nayo hutibiwa.

Ama serikali, kazi yake ipo pale alipo mfanyabiashara. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 ipo, na Bodi ya kuisimamia ipo, na mtoto asiyefika miaka 18 hana ruhusa ya kucheza kamari. Haifai mlango huo ulindwe katika kasino na kuachwa wazi kibandani na ndani ya simu. Dau likatazwe mahali penye watoto, na kasha la bahati litazamwe kwa jicho lile lile linaloitazama kamari. Kukataza kwa namna hiyo ni kazi ya sheria. Kumjua kijana ni kazi yetu, nayo ni ndefu kuliko kunyang'anya simu, inataka kuketi naye, kumwuliza anacheza nini na nani, na kungoja jibu hata likichelewa.

Kwa hiyo naibadili hoja, nanyi mtaipigia kura kwa maneno haya: "Baraza hili laona kwamba michezo ya video si adui wa akili za vijana kwa asili yake, kwamba pale inapoyameza maisha ya kijana, wakubwa wake wana wajibu wa kuitafuta kwanza huzuni iliyo nyuma yake na kuipeleka penye tiba, na kwamba mchezo uliogeuzwa kamari uzuiwe kwa watoto kwa nguvu ya sheria." Anayeikubali ainue mkono, na anayeikataa asimame aseme sababu.